Kigari cha Mkono wa Kushoto

Mafuta yalikuwa yameadimika tena Gitega. Kituo cha mabasi kilijaa watu waliokalia mizigo yao, wakiinua vichwa kila honi ilipolia, kisha wakiviinamisha tena. Gari lililofika kutoka Muyinga asubuhi ile lilikuwa limebeba watu mara mbili ya viti vyake, na wa mwisho kuteremka alikuwa msichana wa gauni la kitenge cha manjano, mikononi amekumbatia kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa shuka kama mtoto mchanga.

Jina lake Anisia. Alitoka kwao Butihinda, karibu na mpaka wa Tanzania, na alikuja kushona kwa Mama Swabra, mjane wa Kiislamu mwenye kibanda cha nguo karibu na soko. Alitaka kuvuka barabara. Akaangalia upande, akaona pako wazi, akapiga hatua.

Wakati huohuo, kutoka ng'ambo, kijana mmoja mwenye bwelasuti ya buluu iliyotobolewa na cheche za moto alikuwa akisukuma baiskeli yake. Naye aliangalia upande, akaona pako wazi, akapiga hatua.

Gari dogo likalia breki katikati yao.

"Eh! Mnataka kufa nyote mbili?" dereva alifoka. "Macho iko kwa nini?"

Walirudi nyuma wote, kila mmoja kwake. Gari lilipopita, kijana akavuka na kuja kusimama mbele ya Anisia, anatabasamu.

"Umekulia Tanzania," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Umeangalia kulia kwanza. Hapa magari yanatokea kushoto."

"Na wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

"Kulia."

Anisia alicheka mpaka cherehani ikaanza kumteleza. Kijana akaidaka kwa chini.

"Miaka yote hii tangu turudi," alisema, "kichwa kinajua, shingo haijui. Naitwa Damiano. Nipe huu mzigo, keria yangu haina kazi."

Baiskeli yenyewe ilikuwa kitu cha kutazama. Fremu ilikuwa ya baiskeli nyeusi nzito ya zamani, lakini usukani ulikuwa umerefushwa na kupindwa kama pembe za ng'ombe, na kengele ilitengenezwa kwa kifuniko cha birika. Anisia aliizunguka akiikagua.

"Hii umeinunua au umeizaa?"

"Nimeiokota vipande vipande, dada yangu. Kila kipande na mama yake."

Wakaenda kwa miguu hadi kwa Mama Swabra, cherehani juu ya keria, wao wawili ubavu kwa ubavu. Kabla hawajafika walikuwa wameshagundua kwamba wote walisoma shule za kambi za wakimbizi kule Tanzania, wote walijua harufu ya vumbi jekundu baada ya mvua ya kwanza, na wote walirudishwa nchini katika malori wakiwa watoto wa kutosha kulia na wakubwa wa kutosha kuona aibu kulia. Mama Swabra aliwaona wanakuja, akaweka mkono kiunoni.

"Anisia, mi nilikwambia uje na mashine. Sikukwambia uje na muntu."

*

Mapenzi yao yalianza kwa namna hiyo na hayakuchelewa kukua. Damiano alikuwa na sehemu yake katika uwa wa Kastori, fundi wa Gitega aliyekodisha mashine ya kuchomelea kwa pesa na kugawa maneno bure. Asubuhi alichomelea madirisha na milango, jioni alikarabati baiskeli. Siku ya Jumapili alivaa shati jeupe, akaifuta baiskeli kwa kitambaa cha mafuta, akaenda kumchukua Anisia kwenda misa ya Mushasha.

Anisia alikaa upande kwenye keria kama wanawake wote, miguu pamoja, mkono mmoja umeshika kiuno cha Damiano. Jumapili moja, kwenye mteremko wa kurudi, akampiga mgongoni.

"Fundi wa vyuma, simama! Nimechoka kuongea na shati lako."

"Shati langu limekukosea nini, malaika?"

"Halijibu. Na upepo unakula maneno yangu. Juzi nilisema nina njaa, ukanipeleka Magarama kuangalia nyumba za watu."

"Si nyumba nzuri zile?"

"Nzuri. Haziliki."

Damiano aliegesha baiskeli, wakakaa kwenye nyasi. Aliangalia gurudumu la mbele likizunguka lenyewe.

"Baba yangu alikuwa na dawa ya hilo," alisema. "Mama alikuwa na nyonga mbovu, hawezi kukaa kwenye keria. Baba akachukua kitanda cha chuma kilichotupwa, akakikata, akatia gurudumu la toroli, akakifunga ubavuni mwa baiskeli. Kigari. Mama anakaa humo kama malkia, wanaongea njia nzima. Na wakifika kwenye kona, gurudumu la kigari linataka kunyanyuka, baba anapiga kelele: 'Egemea nje, Lucia!' Mama anajimwaga nje na kitambaa chake cha kichwa, anacheka. Kambi nzima iliwajua kwa kicheko hicho."

"Kigari kiko wapi sasa?"

"Kilibaki kule. Na baba alibaki kule, tulimzika kabla ya malori kuja. Mama yuko Gishubi, kwa dada yangu." Akageuka kumtazama. "Nitakujengea na wewe. Ukae pembeni yangu. Nikuone ukisema una njaa."

Badala ya kufurahi, Anisia alianza kung'oa nyasi.

"Wewe unapenda sana kuzungumza habari za kule," alisema.

"Utoto wangu wote uko kule."

"Na wangu. Na baba yangu pia yuko kule. Alituambia anavuka kuuza maharage, atarudi kabla ya Krismasi. Mama alimwekea chakula. Mpaka leo kila gari likisimama barabarani, mama anachungulia." Alimtazama usoni. "Damiano, mimi nitampenda mtu maskini, nitampenda mtu mbishi. Lakini anayetazama ng'ambo, huyo simuwezi. Kama una safari moyoni, niambie leo."

"Sina safari."

"Kweli?"

"Anisia, mimi siendi popote."

Akaridhika, au alitaka kuridhika. Alipanda keria, na safari hii alimshika kiuno kwa mikono yote miwili.

*

Kigari kilianza kujengwa kwa siri. Damiano alimwambia Anisia asikanyage uwani mpaka aitwe, na simu za jioni zikawa za kuchokozana.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nachomelea."

"Unachomelea nini?"

"Chuma."

"Damiano!"

"Chuma chenye siri, fundi wangu wa nguo. Shona mto wa kukalia, mwekundu, usiulize wa nini."

Alipata kitanda cha chuma kama cha baba yake, chenye kutu nzuri ya juujuu tu. Alikikata kwa msumeno wa mkono kwa sababu umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Alipinda vyuma kwenye shina la mkaratusi mpaka vikapata umbo la mtumbwi mfupi. Alikata mipira ya ndani ya magurudumu kuwa mikanda, akaisuka kuwa kiti kinachonesa. Hakupima popote. Mikono ilijua. Mara nyingine aliacha kazi na kunusa chuma cha moto, na ilikuwa kana kwamba baba yake yuko nyuma yake, anapumua kwa pua kama alivyozoea, anasubiri kupewa nyundo.

Siku ya majaribio alipakia gunia la mchanga ndani ya kigari, akazunguka uwa. Kwenye kona gurudumu likanyanyuka.

"Egemea nje!" Damiano akapiga kelele.

Kastori, aliyekuwa ameketi juu ya betri kuukuu anakula muhogo, karibu apaliwe.

"We Damiano! Unaongea na muchanga?"

"Najizoesha, patron."

"Mchanga hausikii Kiswahili ya Tanzania. Ongea nayo Kirundi." Akacheka, kisha akatazama kigari kwa jicho la fundi. Akaona jambo, akainua nyusi, lakini akajiambia kwamba kijana anajua anachofanya. Akaendelea na muhogo wake.

"Patron," Damiano aliuliza akifuta jasho, "barabara ya kwenda Kobero, baada ya Muyinga, lami yake ni nzuri?"

"Kobero? Ya kwenda mpakani? Iko nzuri, ila vilima. Unaenda kufanya nini?"

"Nitakuambia nikirudi."

Alitaka kwenda Butihinda kumwona mama yake Anisia, na njia anayoijua mtu yeyote wa Gitega ni hiyo ya Kobero. Lakini hakusema.

Kesho yake mchana Damiano alikwenda mjini kutafuta bolti. Anisia alikuwa amemaliza mto mwekundu, ameutia ukingo mweupe, na moyo wake haukukubali kungoja jioni. Akaufunga pamoja na bakuli la maharage na ndizi, akavaa lile gauni la manjano, akaingia uwani.

Alikiona mara moja. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani mbichi, na kilipendeza mno, na midomo yake ilianza kutabasamu. Kisha tabasamu likasimama njiani.

Kigari kilikuwa upande wa kushoto.

"Papa Kastori," alisema taratibu. "Hiki ni cha kutembelea wapi?"

"Ah, bibi yetu! Karibu. Mi pia nilijiuliza. Hapa ukikaa mkono ule, uko katikati ya barabara, kamio ya mizigo inapita na wewe. Bon, nikajua: ile ni ya Tanzania. Kule wanapita kushoto, sindiyo? Na jana aliniuliza barabara ya Kobero, kama ni nzuri." Kastori alifurahi kuwa na habari. "Nikasema, huyu kijana anarudi kwao. Si alikwambia?"

Anisia aliweka bakuli juu ya benchi, polepole, kana kwamba limejaa maji. Mto aliutia ndani ya kigari.

"Alikuwa ananiambia kidogo kidogo," alisema. "Mimi ndiye sikusikia."

*

"Mteja unayempigia hapatikani."

Damiano alipiga tena na tena mpaka sauti ile ya mwanamke wa simu ikawa kama ya jirani asiyempenda. Akakimbia kwa Mama Swabra na mikono yenye grisi.

"Alienda," Mama Swabra alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Gari ya Muyinga ilipata esansi ya kujaza tangi, akapanda. Hata mashine yake aliacha. Wasichana wanaacha viatu, wanaacha wanaume. Mashine hawaachi. We ulimfanya nini?"

"Sijui, Mama Swabra. Naapa sijui."

"Basi kaulize mwenye kujua. Yeye alisema jambo moja tu: 'Anarudi Tanzania, kama baba.' Halafu akalia juu ya satini ya harusi ya watu, na mi niko natafuta namna ya kutoa madoa."

Damiano alirudi uwani. Kastori alimwona usoni, akaanza kujitetea kabla ya kuulizwa.

"Mi sikusema mabaya! Nilisema tu kigari iko mkono wa Tanzania. Na ni kweli, sindiyo? Simama hapo katikati ya barabara na kinga yako, hiyo baiskeli, uone."

Damiano aliitoa baiskeli pamoja na kigari chake nje ya uwa kwa mara ya kwanza. Akaisimamisha barabarani, upande wa kulia, kama sheria inavyotaka. Lori la viazi lilikuwa linakuja. Likampita, na upepo wake ukautikisa mto mwekundu, palepale ambapo Anisia angekuwa ameketi.

Aliisogeza baiskeli pembeni. Akakaa ukingoni mwa barabara, akatoa simu, akampigia mama yake Gishubi.

"Mama. Kigari cha baba kilikuwa upande gani?"

"Kushoto," mama Lucia alijibu, wala hakushangaa kuulizwa. "Kule si magari yanapita kushoto? Baba yako aliniweka upande wa majani. Alisema, Lucia, gari likija litanikuta mimi kwanza. Kwa nini?"

Damiano aliutazama ule mto mwekundu.

"Nimejenga kama kile. Vilevile. Nimekitia kushoto, mama. Nimemweka msichana wangu upande wa malori."

Kuku walisikika kwa mbali kwenye simu.

"Basi kikate," mama akasema.

"Nilitaka kiwe kama cha baba."

"Mwanangu, baba yako hakutaka kushoto. Alitaka nipone. Angekuwa hapa angekikata yeye mwenyewe, tena angekucheka. Kikate, ukihamishe, umfuate. Na uniletee huyo msichana nimwone, nyonga hii inakaa kigari chochote."

Akakikata. Kastori mwenyewe alishika chuma wakati msumeno ukipita kwenye maungio, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakusema neno. Damiano alilainisha vishina vya vyuma vilivyobaki upande wa kushoto wa fremu, lakini hakuvipaka rangi. Kisha akakichomelea kigari kulia, akipima kila kitu kwa kamba, kwa sababu huku mikono yake haikuwa na kumbukumbu yoyote.

*

Dereva wa lori alimchukua hadi mjini Muyinga, baiskeli imefungwa juu ya magunia. Kutoka hapo Damiano aliendesha. Ndani ya kigari, juu ya mto mwekundu, ilikaa cherehani ya Anisia, imefunikwa shuka lake lilelile. Alivipanda vilima na kuvishuka. Watu waliokuwa wakipalilia mihogo walisimama kutazama, na mzee mmoja mwenye jembe begani akamwuliza kwa Kirundi kama ameoa mashine.

Nyumba ya kina Anisia ilikuwa kando ya barabara, ya matofali ya kuchoma, na mlangoni aliketi mama Emiliana anachambua maharage. Alisikia kitu kinasimama barabarani. Akachungulia, kama kawaida yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We ni nani?"

"Damiano, mama. Wa Gitega."

"Ahaa." Alimtazama juu mpaka chini, akaitazama na cherehani. "Yule anayehamia Tanzania. Na cherehani ya mwanangu unaipeleka huko?"

"Nairudisha, mama."

"Anisia!" mama aliita ndani. "Njoo, kuna mtu amepotea njia ya mpakani!"

Anisia alitoka na kanga kifuani, nywele hazijafungwa, macho makubwa. Alitaka kusema neno kali. Lilionekana kabisa linakuja. Lakini macho yake yalitangulia kwenye baiskeli. Akashuka ngazi. Akaizunguka taratibu, kama alivyoizunguka siku ya kwanza, akafika upande wa kushoto, akagusa vile vishina vya chuma visivyo na rangi.

"Umehamisha."

"Nimehamisha."

"Kwa nini uliweka huku?"

"Anisia, sikuwaza barabara hata siku moja. Nilimwona baba tu. Nilidhani najenga, kumbe nilikuwa nakumbuka." Akagusa kishina kimoja. "Wewe na mimi tuliangalia upande mbaya siku ile, tukacheka. Hii ni shingo ileile. Ila safari hii ningeweza kukuua."

"Na barabara ya Kobero?"

"Nyumba yenu iko barabara ya Kobero! Ningemwuliza Kastori njia ipi, ya Bujumbura?"

Mama Emiliana alikohoa, kikohozi cha kuficha jambo, akainamia maharage yake. Anisia alifunika mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na Damiano hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoishusha ncha hiyo, akaona ni vyote viwili.

"Ungeniambia," Anisia alisema.

"Ungeniuliza."

"Simu nilizima."

"Najua. Nimezoeana na yule dada wa simu, karibu tufunge ndoa."

"Mjinga wewe." Akaibeba cherehani akaiingiza ndani, akarudi amevaa gauni la manjano na kitambaa cha kichwa. "Nipeleke."

"Wapi?"

"Mpaka pale juu, panapoonekana kule."

Wakaenda. Anisia alikaa kigarini, upande wa majani, magoti juu, gauni limejaa upepo, na kwa mara ya kwanza waliongea njiani wakitazamana. Alisema ana njaa, Damiano akasikia. Juu ya kilima walisimama. Chini kulikuwa na malori yamepanga foleni ya mpakani, na ng'ambo vilima vingine, vya buluu, vinavyofanana na vya huku. Mahali fulani nyuma ya vilima hivyo kulikuwa na kaburi la mtu mmoja, na kitanda cha chuma chenye gurudumu la toroli, na pengine mtu mwingine aliyekwenda kuuza maharage. Hawakuonyeshana kwa kidole. Walitazama tu, kwa muda mrefu.

"Unapakumbuka?" Anisia aliuliza.

"Kila siku."

"Na mimi." Akamshika mkono wenye makovu ya cheche. "Nilidhani kukumbuka ndiyo kuondoka."

"Anisia, nataka unioe... yaani, nataka nikuoe."

"Hee! Umeshikwa na ulimi, fundi? Na huku kwetu mtu hajisemei kando ya barabara. Lete wazee wako na vinywaji, lete msemaji anayejua maneno, akae mbele ya mama na wajomba."

"Msemaji ninaye. Kastori."

"Kastori! Yule atasema yote, mpaka yasiyokuwepo."

"Ndiyo maana nitakuja na mama. Anasema nyonga yake inakaa kigari chochote."

Anisia alikaa vizuri kwenye mto wake mwekundu, akatandaza gauni, akagonga ukingo wa kigari kama abiria anayemwambia dereva twende.

Wakageuza, mgongo kwa mpaka, wakaanza kushuka. Barabara ilikuwa tupu na lami ilikuwa na joto la alasiri. Mbele palikuwa na kona ya kulia, na Damiano alihisi gurudumu la kigari linaanza kuwa jepesi. Akafungua mdomo kusema yale maneno ya baba yake.

Hakuyasema. Anisia alikuwa ameshaegemea nje, mwili mzima, kitambaa cha kichwa kinapepea juu ya majani ya kando ya barabara, na kicheko chake kilikuwa kimetangulia kufika chini.